Mwanafunzi aliandika "mnyoo" nikampa kosa: nyangumi na mnyoo wa baharini, nani mrefu?

Mwalimu wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya, nafundisha Baiolojia sekondari. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka mingi. Leo naanzisha uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni na nataka nilitoe mbele za watu.

Mwaka juzi, kwenye jaribio la kidato cha pili, niliuliza: "Mnyama mrefu kuliko wote duniani ni yupi?" Jibu la kusahihishia lilikuwa nyangumi buluu. Karibu darasa zima liliandika hivyo, wachache wakaandika twiga. Kijana mmoja mkimya, anayekaa nyuma karibu na dirisha, akaandika "mnyoo wa baharini". Nikampa kosa. Aliponifuata ofisini kujieleza nilikuwa na rundo la madaftari mbele yangu, nikamwambia arudi akasome vizuri. Hakubisha. Alikunja karatasi yake mara nne, akaiweka mfukoni, akatoka.

Mwezi uliopita naandaa somo la makundi ya wanyama, nikakutana na mnyoo huyo ana kwa ana. Jina lake la kisayansi ni Lineus longissimus. Ni wa kundi la minyoo-utepe, anaishi kwenye pwani za baridi za Ulaya, Uingereza na Norway huko, chini ya mawe na kwenye tope. Wenyeji humwita mnyoo kamba ya kiatu, na ukimwona utakubali: mweusi wa kahawia, anang'aa zambarau kidogo akipigwa na mwanga, amejiviringa kama kamba za viatu vya darasa zima zilizotupwa ndani ya ndoo. Unene wake ni milimita 5 hadi 10. Urefu wa kawaida ni mita 5 hadi 15.

Lakini mwaka 1864, baada ya dhoruba kali, mmoja alitupwa ufukweni St Andrews, Scotland, na mtaalamu wa viumbe vya baharini, William Carmichael McIntosh, akaandika habari zake. Mnyoo yule alijaza nusu ya chombo cha kioo chenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 13 hivi. Wakaanza kumkunjua na kumpima. Wakafika yadi 30, yaani mita 27, bila kukatika, na fungu lililobaki lilikuwa bado kubwa, hata nusu halijakunjuliwa. Hapo ndipo watu wakapata makadirio ya mita 55.

Nyangumi buluu je? Waliopimwa na wanasayansi wanafika karibu mita 30. Rekodi za wawindaji wa nyangumi zinafika mita 33. Kwa makadirio hayo ya 1864, mnyoo wa kijana wangu anampita nyangumi kwa zaidi ya mita 20.

Nikaona nisiishie kwenye karatasi. Asubuhi moja ya ukungu, ule wa Uyole ambao goli la upande wa pili halionekani, niliwatoa vijana uwanjani na kamba ya katani. Tukapima mita 30, nikamsimamisha msichana mmoja hapo nikamwambia, "Wewe ni mkia wa nyangumi." Tukaendelea hadi mita 55. Aliyeshika ncha alizama kwenye ukungu, tukawa tunamsikia sauti tu: "Mwalimu, nimefika?" Darasa lilinyamaza. Nimefundisha miaka kumi na minne na ukimya wa namna ile nimeupata mara chache.

Kisha tukaingia darasani kufanya hesabu, na hapa ndipo somo liliponogea. Chukua mnyoo wa mita 55 mwenye unene wa milimita 5. Ujazo wake ni kama lita moja. Lita moja, wakuu! Chupa ya mafuta ya kupikia. Kwa hiyo uzito wake ni kilo moja na kitu hivi. Nyangumi mzito kabisa aliyewahi kupimwa, jike aliyevuliwa bahari ya kusini mwaka 1947, alikuwa na tani 190. Waliowahi kufika Mbozi wanakijua kile kimondo, chuma kitupu, mita 3, tani 16 hivi. Panga vimondo 12 kama kile upate nyangumi yule mmoja. Upande wa pili wa mizani utahitaji minyoo 190,000 hivi, na kila mmoja wao ni mrefu kuliko yeye.

Nimeandika haya nikitaka mawazo yenu. Kijana alistahili alama au hakustahili?

Kijana wa Mwanjelwa

Mwalimu, naweka kambi hapa. Alistahili, na alistahili kusikilizwa pia. Hiyo ya chupa ya mafuta imenifungua macho, maana nilikuwa najenga picha ya joka zito. Mimi ni fundi, kamba nauza kwa mita dukani kwangu. Mita 55 za kamba nyembamba nazishika kwa mkono mmoja. Mtu akizibeba hivi hakuna atakayegeuka kumtazama, lakini azinyooshe barabarani uone kama magari hayatasimama.

Mvuvi wa Itungi

Mwalimu pole na kazi. Uzi mzuri, ila naomba nipingane nawe kwa heshima.

Mimi nimekulia Kyela, kazi yangu nyavu, Ziwa Nyasa. Kitu kimoja tunachokijua sisi ni kwamba kamba haina urefu mmoja. Kamba ya nailoni ikilowa na kubeba mzigo inarefuka. Ya katani ikilowa inafupika. Ukinunua kamba ukaipima ikiwa na maji na imevutwa, umejidanganya. Jioni ikikauka kwenye mtumbwi utaona imerudi. Ndiyo maana wazee walitufundisha kupima kamba ikiwa kavu, imelazwa chini, haivutwi na mtu.

Sasa huyo mnyoo hana mfupa. Mnyoo wa chambo tu, nyungunyungu, ukimshika ncha mbili unamvuta mpaka maradufu. Huyo wa Scotland alipimwaje? Alilazwa au alivutwa? Halafu kwa maneno yako mwenyewe, kilichopimwa ni mita 27. Zilizobaki hazikupimwa, zimekadiriwa kwa macho. Mita 27 hazimpiti nyangumi wa mita 30. Kwa haki ya kipimo mimi ningempa nyangumi.

Samahani Mwalimu, simpingi kijana. Ninatetea kipimo.

Mwalimu wa Uyole

Baba, usiombe samahani, hoja yako ndiyo niliyokuwa naihitaji, na nimeipeleka darasani leo hii hii.

Nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, sentimita 40, nikachora mistari miwili ya wino sentimita moja moja. Nikampa mwanafunzi mmoja ashike huku, mwingine kule, wavute. Ukanda ukafika mita moja. Ile mistari ikaachana, na mpira ukawa mwembamba ukaanza kupauka. Nikawauliza: mpira umeongezeka? Wote: hapana. Urefu umeongezeka? Ndiyo. Basi minyoo-utepe ndivyo walivyo, tena kuliko mpira. Misuli yao inawaruhusu kujikunja na kujinyoosha mara kadhaa ya urefu wao wa kupumzika. Kwa hiyo hata zile mita 27 zenyewe hatuwezi kuzisema ni za mnyoo aliyelala au aliyevutwa.

Lakini nikubali pia kwamba nyangumi naye ana kesi yake. Kipimo kinachokubalika ni mstari ulionyooka, kutoka ncha ya taya hadi kwenye pengo la katikati ya mkia. Wawindaji wa zamani wengine walifuata mkunjo wa mwili, juu ya mgongo, na ukipima hivyo unapata zaidi. Ndiyo maana ile mita 33 inatajwa kwa tahadhari, na watafiti wanashika zaidi karibu 30.

Kwa hiyo baba, tuna rekodi mbili, na zote mbili zina kamba iliyolowa ndani yake. Tofauti ni kwamba nyangumi ana uti wa mgongo. Makumbusho ya historia ya asili London kuna mifupa ya nyangumi buluu aliyekwama pwani ya Wexford, Ireland, mwaka 1891. Imetundikwa ukumbini tangu 2017, ina mita 25.2, na itakuwa na mita 25.2 kesho na kesho kutwa. Mnyoo akifa hatuachii kitu cha kutundika.

Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Niliuliza "mrefu" nikiwa kichwani nawaza "mkubwa", na nikamwadhibu aliyesoma neno kama lilivyoandikwa.

Mkulima wa Viazi

Nipo Isyesye hapa mjini, shamba Umalila. Mwalimu, huyo mnyoo anakula nini na anajilindaje? Kitu laini mita kumi na tano, kina mfupa? Hakina. Gamba? Hakina. Mbona samaki hawajammaliza?

Mwalimu wa Uyole

Kaka, swali zuri sana. Ana sumu kwenye ute. Ukimsumbua anatoa ute mzito wenye harufu kali, na mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wao: ndani ya ute ule kuna sumu za protini ndogo zinazovuruga milango ya sodiamu kwenye neva. Walizijaribu kwa kaa na kwa mende, wakafa kwa kiasi kidogo sana. Kwa mamalia nguvu yake ni ndogo zaidi, ndiyo maana watafiti wale wanaitazama kama njia ya kupata kiuatilifu. Wewe unayepulizia viazi dhidi ya wadudu kila wiki mbili utaelewa kwa nini jambo hilo lina uzito.

Kula, anawinda. Ana mrija uliojificha juu ya mdomo, anaufyatua nje kama kidole cha glavu kilichogeuzwa, unamzungukia mnyoo mwingine mdogo na kumnasa. Moyo hana, damu yake inasukumwa na mishipa inayojikaza na mwili unaojongea. Kupumua anapumulia ngozi. Na hapo utaona kwa nini lazima awe mwembamba: hewa ikipita ngozini haifiki mbali ndani. Akinenepa kama bomba la maji, katikati yake patakosa hewa. Urefu anaruhusiwa, unene hapana.

Nyangumi amekwenda njia nyingine kabisa. Ana mapafu, ana moyo. Moyo mmoja wa nyangumi buluu aliyekufa pwani ya Newfoundland mwaka 2014 ulitolewa na kuhifadhiwa Toronto. Ulikuwa na kilo 180 hivi, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Mwaka 2019 watafiti wa California walichapisha kwamba walifanikiwa kubandika kifaa chenye vikombe vya kunyonya kwenye ngozi ya nyangumi buluu hai wakasikiliza moyo wake. Akiwa amezama chini, ulipiga mara 2 tu kwa dakika wakati fulani. Akipanda juu kuvuta hewa, ulifika 25 hadi 37. Jioni ile niliposoma hayo niliweka vidole kwenye mshipa wangu wa mkono nikasubiri nusu dakika bila kuhesabu chochote, nikijaribu kufikiria kipindi kile kati ya pigo na pigo.

Mnyalukolo Mtwara

Kamwene wote. Mimi ni mtu wa Kalenga, Iringa, ila riziki imenileta Mtwara mwaka wa tisa huu. Nimewasoma kuanzia juu. Mmewashindanisha mnyoo na nyangumi kana kwamba hawajuani. Niwaambie: kuna minyoo ambao maisha yao yote ni nyangumi. Kama hakuna nyangumi, wengi wao hawana pa kuishi.

Nianze na nilichokiona. Huku pwani, kuanzia Julai mpaka Novemba hivi, wanapita nyangumi nundu wanaotoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Mwaka fulani mmoja alikufa akasukumwa ufukweni. Sisi wa bara tumezoea kuona tembo Ruaha tukadhani tumemaliza ukubwa. Nilizunguka mzoga ule nikihesabu hatua, hatua kumi na tano na bado mkia. Ngozi ya taya ilikuwa na vijigamba vyeupe vigumu vya chokaa vimeganda, ukivigusa vinakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Taya la juu halina meno, lina pazia la nywele ngumu kama ufagio wa chelewa, ndilo la kuchujia chakula. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa hewa. Harufu ilinikaa kwenye shati siku tatu, nikaliacha huko huko. Watu walisaidiana kumfukia.

Yule alifia pwani. Wengi wanafia kilindini, wanazama. Fikiria mzigo wa tani 30, au 100 kama ni buluu, unatua mahali penye giza totoro, baridi, ambapo chakula kinachofika ni vumbi tu linalodondoka toka juu. Kwanza wanakuja papa wa kilindini na samaki wenye umbo la mkunga, wanakula nyama. Kisha minyoo na kaa wadogo wanajaa kwenye matope yaliyolowa mafuta. Mwisho inabaki mifupa, na mifupa ya nyangumi ina mafuta mengi ndani.

Februari 2002, Monterey, California, watafiti walikuwa na roboti ya chini ya bahari kwenye kina cha mita 2,891, wakakuta mifupa ya nyangumi kijivu imefunikwa na kitu kama zulia jekundu. Walipokaribia wakaona ni minyoo, kila mmoja amesimama juu ya mfupa na manyoya mekundu yanapepea majini. Mwaka 2004 wakawapa jina: Osedax, kwa Kilatini maana yake mla mifupa. Mnyoo huyu hana mdomo. Hana utumbo. Hana macho.

Dada wa Mufindi

Kaka Mnyalukolo, subiri hapo hapo. Hana mdomo na anaitwa mla mifupa? Anakulaje?

Mnyalukolo Mtwara

Dada, wewe wa Mufindi utanielewa haraka kuliko wote. Ung'oe mche wa chai utazame chini. Huyu mnyoo ana mizizi. Sehemu yake ya chini imetawanyika ndani ya mfupa kama mizizi ya kijani kibichi, inatoa asidi inayoyeyusha mfupa, na ndani ya mizizi ile wanaishi bakteria wanaomsaidia kupata lishe kutoka kwenye mafuta na protini za mfupa. Manyoya mekundu ya juu ni ya kuvutia hewa majini. Kwa hiyo amepandwa kwenye mfupa kama mche shambani.

Kuna la pili. Wale wote wanaoonekana kwa macho ni majike. Watafiti walitafuta madume wakawakosa, mpaka walipochungulia kwenye mrija wa jike kwa hadubini. Madume ni wadogo sana, wanaishi humo humo ndani ya mrija wa jike mmoja, kumi, hamsini, hata zaidi ya mia. Hawakui kamwe kupita hali ya kiluwiluwi. Kazi yao ni mbegu tu.

Mwaka 2005 wakapatikana wengine Sweden, kina cha mita 125 tu, kwenye mifupa ya nyangumi mdogo. Kumbe si wa kilindini peke yake.

Na hili ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Watu walidhani Osedax walitokea baada ya nyangumi, maana mla mifupa ya nyangumi angetangulia vipi? Mwaka 2015 yakachapishwa matundu yao, yale ya mizizi, kwenye mifupa ya mnyama mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu, wa miaka milioni 100 hivi iliyopita. Nyangumi wa kwanza kabisa wana miaka milioni 50 hivi. Mnyoo alikuwepo kwanza. Alikula watambaazi wakubwa wa bahari, wakaisha, akahamia kwa wengine, na nyangumi walipokuja akawapokea.

Sasa fikirini upande wa pili. Karne ya 20, bahari ya kusini peke yake, waliuawa nyangumi buluu zaidi ya 300,000. Uwindaji wao ulipigwa marufuku mwaka 1966 wakiwa wamebaki wachache mno. Karibu kila mmoja kati ya hao alivutwa juu ya meli akakatwa mafuta. Hakuzama. Ni mashamba 300,000 ambayo minyoo wale hawakuyapata. Sisi tunahesabu nyangumi waliopotea, lakini waliokaa chini gizani wakisubiri kitu kidondoke, hao nani aliwahesabu?

Dada wa Mufindi

Nimesoma mara mbili. Asante sana. Nitawasomea wanangu kesho.

Mkulima wa Viazi

Kwa kweli. Mimi swali langu lilikuwa la sumu tu, nimeondoka na shamba zima.

Mwalimu wa Uyole

Kaka Mnyalukolo, umenipa somo la wiki mbili. Naongeza moja la huku kwetu bara, kwa ajili ya wanaodhani nyangumi ni habari za watu wa pwani.

Ndugu wa karibu kabisa wa nyangumi aliye hai leo ni kiboko. Yule yule wa mto Ruaha Mkuu. Nyangumi walitokana na wanyama wa kwato waliokuwa wakitembea nchi kavu, na vipimo vya vinasaba vinamweka kiboko jirani yao kuliko mnyama mwingine yeyote. Pale Isimila, nje kidogo ya Iringa, kumepatikana mifupa ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka. Ukisimama mbele ya mifupa ile unamtazama binamu wa nyangumi kilomita mamia kutoka baharini.

Na kuna nyangumi halisi aliyepatikana bara. Mwaka 1964, mahali paitwapo Loperot, Turkana, Kenya, kulichimbwa mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu, wa miaka milioni 17. Mabaki yale yalipotea kwenye makabati ya makumbusho Marekani kwa miaka mingi, yakapatikana tena, na mwaka 2015 uchunguzi ukatoka. Kutoka pale hadi bahari ni kilomita 740, na leo pana mwinuko wa mita 620. Aliyapandaje? Hakupanda. Alipotea njia akaingia mto mkubwa uliotiririka kuelekea Bahari ya Hindi, na nchi wakati ule ilikuwa tambarare, chini. Baadaye uwanda wa Afrika Mashariki ukainuka. Mifupa ya nyangumi mmoja imewasaidia wanajiolojia kujua ni lini ardhi ilianza kuinuka na misitu ya unyevu ikaanza kupisha nyika.

Nikiwa kwenye basi la Dar, tunapopanda mlima Kitonga na gari linalia, huwa namkumbuka yule nyangumi aliyeogelea hadi mahali ambapo leo ni jangwa.

Mpita Njia Tunduma

Mwalimu, nisaidie kitu. Nimesikia kuna kiumbe mwingine baharini anayewapita wote wawili, kamba ya jeli. Ni kweli?

Mwalimu wa Uyole

Ni kweli. Mwaka 2020, magharibi mwa Australia, roboti ya chini ya bahari ilimkuta mmoja wa jamii ya Apolemia amejizungusha kama koili. Ule mzunguko wa nje tu ulikadiriwa mita 47, na mwili wote zaidi ya hapo. Lakini huyo ni kundi la viumbe vidogo vilivyoungana, kila kimoja na kazi yake, hiki kinaogelea, kile kinakula. Ukimwita mnyama mmoja kuna watakaokupinga, ukimwita kijiji kuna watakaokupinga. Nimemwongeza kwenye somo, kipimo chake nacho kikiwa ni makadirio kwa picha. Baba Mvuvi ataniuliza tu.

Mvuvi wa Itungi

Nakuuliza. Kitu cha jeli kinachoelea, mkondo ukikivuta?

Mwalimu wa Uyole

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Yule kijana sasa yuko kidato cha nne. Leo baada ya vipindi nilimwita, si ofisini, nilimwita pale chini ya mti wa parachichi. Nikamwambia nilimkosea, nikamweleza kila kitu, hadi hoja ya kamba iliyolowa. Nikamwuliza alijulia wapi.

Akafungua mkebe wake wa hesabu. Chini kabisa, chini ya bikari, kulikuwa na kipande cha karatasi ya jarida kimekunjwa. Mwaka ule alinunua karanga stendi ya Nane Nane akirudi kwa bibi yake, zikafungwa kwenye karatasi ile. Ina doa la mafuta kubwa katikati na upande mmoja umechanika. Kuna picha ya mikono imeshika fungu jeusi la mnyoo na mistari michache ya maneno. Namba ya urefu imeishia kwenye mchaniko, inasomeka "5" na mwanzo wa tarakimu nyingine. Miaka miwili ameitunza akitaka kujua tarakimu ya pili ni ngapi.

Nikamwambia: ni 5 nyingine, lakini kuna mzee Kyela hakubaliani nayo, na ana sababu. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema anataka kupima mwenyewe, mbele ya wenzake, yeye akiwa ndiye anayekunjua. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, uwanja ule ule. Nina kamba ya katani ile fupi niliyoiunga mafundo mawili, sijaipenda.

Kijana wa Mwanjelwa

Mwalimu usihangaike na kamba. Nina roli nzima dukani, mita 100, nyembamba, nyeusi. Nakuja nayo kwenye bodaboda Jumamosi, na kisu. Nitamwachia yeye akate.

Dada wa Mufindi

Tuwekeeni picha tafadhali.

Mvuvi wa Itungi

Kijana, kama hiyo roli ni ya nailoni, ianike kwanza. Mwalimu, mwambie ailaze chini, asiivute.